Ukungu wa Themanini na Tano

3 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limeanza kukusikiliza. Mimi mzima, ila miguu tu. Juzi nilisimama kwenye harusi ya watu mpaka wenye viti wakachoka kukaa.

Naandika kwa sababu kwenye simu tunakatana maneno, na jambo hili sitaki unikatize. Ile lenzi yangu ya kuvuta, iliyokuja na kamera, imekufa. Ukiivuta inalia kama mlango wa choo. Nimeamua kununua lenzi isiyovuta, moja tu lakini nzuri, ya picha za sura na za harusi. Mfuko hauruhusu mbili. Muuza lenzi ananishauri nichukue ya milimita themanini na tano, yenye tundu la mwanga la moja nukta nne, pana sana. Alinipiga picha palepale dukani. Uso wangu ulikaa kama umechongwa, na rafu zote nyuma yangu ziliyeyuka zikawa ukungu wenye vitaa. Nilijiona mtu mzuri, na wewe unajua hiyo si kazi ndogo.

Wengine wananiambia thelathini na tano, wengine hamsini. Wewe ulipiga harusi kabla sijaota meno. Unasemaje? Nataka niamue mapema, maana harusi ya mdogo wangu Kidoti ni Aprili na mpiga picha ni mimi. Mama naye ameandika kwamba safari hii atakuja kweli.

Mwanao

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti halinisikilizi nami silisikilizi, tunaishi hivyo. Studio ipo. Paa bado linavuja juu ya kiti cha wateja, nami nimezoea kuwaambia wasogee kidogo.

Sasa sikiliza. Muuza lenzi anauza lenzi. Hajawahi kuingia chumba cha kumvalishia bibi harusi. Mimi nimeingia. Kitanda, kabati, kioo, pasi ya moto, na wanawake sita wanatafuta pini moja. Ukiwa na themanini na tano utarudi nyuma, utarudi nyuma, mpaka utokee dirishani, na bado utapata sikio na hereni tu. Chukua thelathini na tano. Hiyo inakulazimisha ukaribie. Ukikaribia, watu wanakuona, wanakutania, wanakuzoea, ndipo wanakupa sura zao. Ndiyo, ukiisogeza mno usoni, pua inamtangulia mwenyewe. Basi usiisogeze mno, una akili. Ukiona huiwezi, nunua hamsini, nami nitanyamaza. Kwa themanini na tano sinyamazi.

Na huo ukungu mnaouabudu! Nimesoma vitabu vya wanaozipenda picha na vya wanaozichukia, na hakuna hata kimoja kilichonishawishi kwamba uzuri ni kufuta majirani. Mtu ana ukuta nyuma yake. Ana shangazi anayekodoa macho, ana mjomba aliyelewa na kulala kitini. Hao ndio harusi. Ukiwayeyusha unabaki na nini? Tangazo la losheni. Siku hizi kila bibi harusi anaonekana kama ameolewa peke yake, gizani, karibu na taa za barabarani.

Dada yangu akija, mpokeeni vizuri. Hapo sina la kuongeza.

Mama Mdogo

2 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Habari za studio na paa lake? Huku ni wazima.

Nimenunua themanini na tano. Usiitupe barua, imalizie.

Wateja wangu wanakuja na picha kwenye simu, wananiambia, "Nitoe hivi." Katika picha hizo sijawahi kuona mjomba aliyelala kitini. Wewe una jina. Ukitoa picha yenye ndoo nyuma ya bibi harusi, watu watasema ni sanaa. Mimi wataniambia niisogeze ndoo. Halafu ukumbi aliouchagua Kidoti ni mpana, nafasi ya kurudi nyuma ipo tele, sitatokea dirishani.

Na kuna jambo la Mama. Nimepekua sanduku lote la picha, hatuna yake hata moja ya maana. Zote ama ameinama ama anaondoka. Nataka safari hii nimtoe vizuri, ili hata akirudi huko kwake tubaki na kitu.

Kidoti anasema gauni lako la kijani liko tayari kwa fundi. Usije ukaniambia unakuja na lile la kazini.

Mwanao

30 Aprili

Bwana Mpiga Picha,

Salamu nitaziweka mwisho, nikizikumbuka.

Picha nimezipata. Nimezitazama mchana, dirisha wazi, miwani nimeifuta, usije ukasema ni macho yangu. Kidoti yumo. Bwana harusi yumo, na chunusi yake imo. Dada yangu yumo, kope zake naweza kuzihesabu, na chozi limesimama shavuni kama liliagizwa. Na mimi? Mimi ni doa la kijani. Kwenye keki, doa. Kwenye kuvishana pete, doa limeinama. Kwenye meza ya familia nimeota begani kwa dada yangu kama ua la plastiki.

Watu wakiona picha husema, "Umetoka vizuri." Mimi nimetoka kweli. Nimetoka mpaka nje ya ukumbi.

Nilikwambia. Hiyo lenzi yako haina adabu. Inamsalimia mmoja na kuwapita wengine kama nguzo. Umekwenda na chombo cha kumpenda mtu mmoja mahali ambapo watu wamekusanyika, kisha unanitumia matokeo na alama ya moyo! Nazungumzia lenzi tu. Usidhani nazungumzia jambo jingine.

Salamu sikuzikumbuka.

Mama Mdogo

7 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Nakueleza jinsi kamera hii inavyofanya kazi, maana unanihukumu kama nilikaa nikapanga. Yenyewe inatafuta jicho lililo karibu, inalizungushia kisanduku, mimi nabonyeza. Kwa tundu pana kama lile, aliye hatua moja nyuma ya jicho hilo ni ukungu. Ni sayansi, si dharau. Mama alikaa mbele, wewe ukakaa nyuma yake. Nani alikwambia ukae nyuma? Kiti cha ubavuni kwake kilikuwa chako, nilikiweka kwa mikono yangu. Wewe ukakiwekea mkoba!

Na tuache kuzungukana. Hasira yako si ya lenzi. Umemkasirikia Mama kwa kuja. Miaka yote hii wimbo wako ulikuwa "dada yangu haji, dada yangu haji." Sasa amekuja, amekaa, amelia, na hilo nalo ni kosa. Mimi nifanye nini? Nimkate na mkasi?

Kidoti anaisubiri albamu. Nampelekea mchapaji mwisho wa mwezi.

Mwanao

14 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Naitikia kwa sababu sikukulea uniamkie bure.

Ati kamera ilichagua. Kamera haina mama, haina mama mdogo, haijawahi kulishwa na mtu. Itajuaje? Wewe ulikuwa unajua, na wewe ndiye uliyeiachia. Hiyo lenzi yako ina tundu linalofungika. Ungelifunga mpaka tano nukta sita, ukaongeza fleshi kidogo, sote tungerudi kutoka kuzimu. Siku nzima hukuligusa. Umenunua dirisha kubwa, sasa unaona haya kuvuta pazia!

Kuhusu mkoba, haukuwa wangu. Ulikuwa wa mama yako. Alisema hawezi kuuweka chini, ni wa ngozi, nami nikaupisha ukakaa. Ungetazama badala ya kubonyeza ungeuona. Umeutoa vizuri sana, zipu yake inang'aa.

Ndiyo, nina hasira na dada yangu. Ninayo tangu siku aliponiachia ninyi wawili na sanduku, "kwa miezi michache tu, mdogo wangu." Lakini hiyo ni yangu na yake. Tumetoka tumbo moja, tutaimalizia jikoni, sufuria zikilia. Hii ni yako. Usijifiche nyuma ya ile.

Albamu isichapwe. Nitafutie picha moja yenye uso wangu. Moja tu, hata nikiwa natafuna. Ukiikosa, niandikie kwamba hakuna, na uniandikie kwa nini. Kisha uniambie Kidoti atawaonyesha nini wanawe siku wakimuuliza ni nani aliyemlea.

Mama Mdogo

23 Juni

Mama Mdogo,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nimekawia kwa sababu nilikuwa naitafuta picha uliyotaka.

Nimezipitia zote, hata nilizokwisha kuzitupa. Naandika kama ulivyotaka. Hakuna. Na sababu ni kwamba siku nzima sikukutafuta. Mama nilimtafuta kwa sababu sikuwa na hakika naye, nilihofu nikigeuka nitakuta kiti kitupu. Wewe nilijua upo. Wewe huwa upo tu.

Juzi Kidoti alikuja kuchagua za albamu. Alizipitisha haraka haraka, akasimama kwenye moja. Ni pale mshereheshaji aliposhika kipaza sauti akaita, "Mama wa bibi harusi!" Mama anainuka, taa imempiga shavuni. Ni picha bora kuliko zote, nilishaitengea kurasa mbili. Kidoti akaweka kidole nyuma ya Mama.

"Hili la kijani linafanya nini?"

"Ni Mama Mdogo, amekaa."

"Hajakaa. Tazama meza iko wapi."

Nikatazama. Ukikaa, doa lako huishia kwenye maua ya mezani. Hapa limeyapita maua, lakini halijafika mabegani kwa mhudumu aliyesimama kando yako. Halijakaa na halijasimama. Kidoti akakodoa macho mpaka nikadhani hajaelewa.

"Kaka," akasema, "alisikia anaitwa yeye."

Shuleni wakimwita mama yake, aliyekuwa akiinuka ni wewe. Mimi nilisahau, yeye hajasahau. Akachukua vitu vyake akaondoka, na tangu hapo simu yangu hapokei.

Nimeikuza picha ile mpaka ikawa miraba mitupu. Uso hauonekani. Nikafikiri, labda ni heri. Ningekuwa na ile thelathini na tano yako, kila atakayefungua albamu angekuona ukiinuka kisha ukirudi kukaa. Afadhali ukungu umekusitiri. Ukitaka, naifuta kabisa.

Mwanao

1 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, na asante kwa kuliuliza.

Usiifute! Thubutu uifute!

Ati ukungu umenisitiri. Nani alikuomba? Husitiriwa mwenye aibu. Nimeitafuta aibu yangu tangu barua yako ifike, nimeinua hata mito ya makochi, siioni. Mshereheshaji hakusema "asimame", wala hakusema "wasimame." Alisema "Mama wa bibi harusi" akanyamaza, asubiri makofi. Hebu yasome tena maneno hayo, wewe uliyesoma kwa taa yangu. Yamemtaja mmoja au wengi? Mama ni mmoja na mama ni wengi, na hiyo "wa" haibadiliki. Nilisikia naitwa, nikainuka. Nimefanya hivyo tangu Kidoti akiwa na kaptula za mazoezi. Kilichonirudisha kitini ni macho ya ukumbi, yaliyokuwa yamekwisha kukamata uso wa karibu kama hiyo kamera yako. Kuinuka sikukosea. Nilikosea kukaa. Ningemalizia kusimama tu, wangetafuta wenyewe pa kuweka macho.

Kwa thelathini na tano ningeonekana nimeduwaa, mdomo wazi, gauni limekunjamana, dada yangu mbele yangu anang'aa. Ningeipenda picha hiyo kuliko zote nilizowahi kupigwa. Sidai unipambe, nadai unione. Miezi yote hii nasema hivyo, wewe unanijibu sayansi.

Basi ichape. Kurasa mbili, kama ulivyopanga. Doa usilikate, na usilisafishe kwa kompyuta ukanichorea uso wa kubuni. Lionekane lilivyo, nusu ya njia. Chini yake andika maneno ya mshereheshaji vilevile, usiyaongezee kitenzi. Atakayeuliza, Kidoti yupo, atamjibu.

Mpelekee albamu mwenyewe, mkononi, usimtumie kwa mtu. Mimi usinipigie simu, bado nina hasira. Niandikie.

Mama Mdogo