Kumwacha Nahodha Nje

Jumatatu, 9 Machi 2015
Mazoezi ya kriketi tena, Parramatta. Jua kali, nyasi fupi kama zulia. Wasichana wameshazoea. Mimi bado. Sisi wa timu ya kwanza ya wanawake kule nyumbani tulichezea kiwanja cha shule, tumevaa pedi za miguuni za wanaume zilizotufikia mapajani. Leo niko Sydney na timu nzima, mimi kocha wao. Nafurahi.

Nasambu, nahodha wangu, ameangushiwa wiketi, vile vijiti vya nyuma yake, mara tatu. Mipira rahisi.

Jumatano, 11 Machi
Nimesimama nyuma ya nyavu za mazoezi makusudi. Nasambu hauoni mpira mapema tena. Gongo linachelewa. Naijua hali hiyo, ilinipata mimi pia.

Nilimtoa darasani, Form Two, nikamfundisha kushika gongo. Na Jumamosi ndiyo mechi ya mwisho ya ziara. Dada yake Nekesa, nesi huko Campbelltown, analeta kanisa lao zima la watu wa kwetu kumwona.

Naogopa.

Ijumaa, 13 Machi
Nimemwambia baada ya chakula cha mchana.

"Kesho hutacheza."

"Unajua ni nani wanakuja kesho?"

"Najua."

Akainuka, chai yake akaiacha. Heri angenitukana.

Jumamosi, 14 Machi
Tumeshindwa. Msichana niliyemweka mahali pake ametolewa mpira wa pili tu. Nasambu ndiye aliyewapelekea wenzake maji, akawapigia makofi mpaka mwisho. Watu wa Campbelltown walijaa upande mmoja, wamebeba chapati na vitenge vya kukalia. Watoto wao wakiuliza kwa Kiingereza Auntie atapiga saa ngapi.

Nekesa akanifuata mbele ya watu.

"Kocha, hii ni nini sasa? Tumepanda treni safari yote hiyo tumwone akibeba chupa?"

Bado naamini niliamua sawa. Haisaidii.

Jumapili, 15 Machi
Mapumziko. Wengine wameenda Cabramatta kununua zawadi. Nilikuwa peke yangu kwenye gati la feri. Nasambu akaja, akaketi, si karibu sana.

"Wewe ulijuaje siku yako ya kuacha kucheza imefika?"

"Sikujua. Niliambiwa."

"Ukamsamehe aliyekuambia?"

"Baadaye. Baadaye sana."

Akaitikia kwa kichwa. Feri ikaja, watu wakashuka, ikaondoka. Tukabaki tumekaa.