Neutroni, mizani mbili na swali la baba

Jumanne. Jua la Nkololo limenimaliza, maganda ya pamba yamenichana vidole. Nimechoka mpaka kuandika naona kazi.

Baba alinipa sharti. Nimweleze kitu kimoja ninachojisomea, akikielewa niende Bariadi nikajiandae na mtihani wa fomu siksi, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikishindwa, navuna hadi gunia la mwisho.

Kwa kiherehere changu nikachagua neutroni.

Nikamwambia ni punje ndogo mno, inazunguka kama pia ya kuchezea watoto. Ikiwa peke yake haidumu, ndani ya robo saa hivi inavunjika na kurusha elektroni. Wataalamu wanazipanga zote, mhimili wa mzunguko wake uelekee juu, halafu wanahesabu elektroni kwa vyombo viwili, kimoja juu, kingine chini. Za chini zinazidi kidogo. Yaani maumbile yenyewe yanapendelea upande mmoja. Hapo mwili ulinisisimka.

Baba alikuwa anashindilia pamba kwenye gunia kwa miguu, hakusimama.

"Ng'wanone, mwanangu, na kama hicho chombo cha chini ndo kinadanganya?"

Nikajifanya nachambua pamba.

Ukurasa unaojibu hilo sikuusoma. Kule kwenye mgahawa wa intaneti muda niliolipia uliisha, nikaona jibu tamu nimeshalipata, yanini kuhangaika.

Shangazi akacheka kule kwenye mistari ya pamba. "Profesa, mbona umekauka?"

Baba akasema taratibu, "Siku hizi wanunuzi ni wengi, kila mtu na mizani yake. Mimi napeleka magunia mawili kwenye mizani mbili. Moja likizidi, nayabadilisha. Uzito ukilifuata gunia, pamba ndo nyingi. Ukibaki kwenye mizani ileile, hiyo mizani ni mwongo."

Nikaruka. Ndo hivyo hivyo, baba! Vyombo unaviacha palepale, unazigeuza neutroni zielekee chini. Wingi ukihamia juu, basi ni neutroni zenyewe.

"Sawa, nimeelewa," akasema. "Ila hilo nimekueleza mimi."

Nilitakiwa nieleze mimi, nimeshindwa, navuna. Sharti ni sharti.

Kuvuna hakuniumizi sana. Kinachoniuma ni kujua kwamba mimi ni mtu wa kuacha kusoma nikishapata jibu ninalolipenda. Mangapi mengine nimeyaamini hivyo?

Kesho asubuhi niko shambani. Na kabla sijamwomba baba ruhusa tena, nitamwomba aniulize maswali.