Kwa Baba Anton Hruska, Mdakaji Aliyefungiwa Maisha

Jumanne hii unatimia mwaka mzima, Baba, tangu asubuhi ile ya Machi ulipotutoka, theluji ikiwa bado imeganda kando ya barabara na Mama akiwa amekushika mkono wa kushoto, ule wa glavu ya kudakia mpira.

Mama bado anaamka saa kumi na moja. Anachemsha kahawa ya watu wawili, anakunywa ya mmoja, ya pili anaimwaga kwenye sinki kabla binti yenu Roberta hajafika, asije akaulizwa. Roberta anajua. Harufu ya kahawa haifichiki.

Wengi watakaosoma hapa gazetini wanalijua jina lako kwa ajili ya besiboli. Sisi nyumbani tulikujua kwa spana. Kwa miaka thelathini na mmoja ulitengeneza mitambo ya joto ya shule za hapa Brennerville, na baridi ilipobana ulikwenda jioni kwa wajane, kwa Bi Kocur na wenzake, ukalala chali kwenye sakafu ya saruji mpaka nyumba ipate joto. Hukutaka malipo. Sahani ya kabeji na tambi ilikutosha, na hata hiyo uliila umesimama, kofia kichwani, kama mtu anayesubiriwa mahali.

Vidole vyako vilikuwa vimevunjwa na mpira mara nyingi hadi pete ya ndoa haikupita tena. Uliivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Vifungo vya shati alikufunga Mama kila asubuhi, nawe ukimwinulia kidevu na kumwambia maneno yale yale: "Usininyonge, Verna, sijamaliza kunywa chai." Naye alikujibu, "Tulia basi, mzee, unatikisika kama jeli."

Ulicheza ligi kuu misimu kumi na mitatu, umechuchumaa nyuma ya mpigaji, ukidaka mipira ambayo watu wengine wangeikimbia. Wanaojua mchezo huu wanasema hakukuwa na mdakaji kama wewe. Mlichukua ubingwa. Kisha mwaka 1972 ligi ikakufungia maisha. Walisema umecheza kamari kwenye michezo ya ligi yenyewe. Wewe ulisema ni kamari ya mbio za farasi tu. "Farasi, na si kingine," ulimwambia Mama mlangoni, koti bado mwilini, na Mama akakuamini. Nasi tulipokua tukakuamini kwa sababu yeye alikuamini.

Kufungiwa kule hakukuwa kukosa kazi peke yake. Hukuruhusiwa kufundisha hata timu ya watoto iliyo chini ya ligi. Hukuruhusiwa kukanyaga nyasi za uwanja. Na jina lako halikuruhusiwa hata kujadiliwa kwa ajili ya Ukumbi wa Mashujaa, zinakotundikwa sanamu za wachezaji bora wa nyakati zote.

Tunaikumbuka siku timu yako ilipoadhimisha miaka hamsini ya ubingwa. Wenzako waliobaki hai waliitwa uwanjani mmoja mmoja. Wewe ulinunua tiketi kama mtu yeyote, ukaketi juu kabisa na Mama, kofia umeivuta hadi kwenye nyusi. Mtangazaji alitaja wachezaji kwa nafasi zao. Alipomaliza warushaji akaruka mdakaji, akaenda moja kwa moja kwa mlinzi wa kituo cha kwanza. Uwanja mzima ulisikia lile pengo. Mtu mmoja nyuma yenu akasema, "Sasa mpira ulikuwa unadakwa na nani, mzimu?" Watu wakacheka. Wewe ulikuwa unapiga makofi. Mama anasema ulipiga makofi kwa kila jina, hadi la mwisho.

Dale, mwanao wa kwanza, alilichukua jambo hilo likawa kazi ya maisha yake. Miaka thelathini aliandika barua, akakusanya sahihi, akabandika maandishi kwenye gari lake: MRUDISHENI HRUSKA. Alikosana na watu katika baa ya Stush kwa ajili yako. Mkewe alimwambia siku moja, "Umemwoa baba yako au mimi?" Wakaachana, na Dale akaendelea kuandika. Wewe ulimwona akiandika pale mezani kwako, Baba. Ulimletea kahawa.

Sasa tuandike lile lililotuchelewesha kukuandikia.

Miezi miwili kabla hujafa, adhuhuri moja ya Januari, ulimwita Mama gereji. Redio ilikuwa ikicheza muziki wa polka. Uliipunguza sauti, ukamwambia akae kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mama alidhani ni habari za daktari.

"Verna," ulimwambia, "nilicheza kamari kwenye michezo yetu. Na mmoja niliuuza."

Ulimweleza bila kuzunguka. Septemba ya mwaka 1968. Waliokuwa wakikukopesha fedha za kamari walikuwa wamekushika koo. Mlikuwa mnaongoza kwa pointi moja, mzunguko wa tisa, wa mwisho, wapinzani wawili wameshatolewa, wengine wawili wamesimama kituo cha pili na cha tatu. Aliyekuwa akirusha ni Clarence Odom wa Alabama, aliyekuwa akikaa nawe chumba kimoja hotelini katika miaka ambayo wazungu wengi katika timu walikataa kulala chumba kimoja na mtu mweusi. Alirusha mpira mzuri, wa kupinda, chini kidogo. Ukauacha upite. Mpira ukagonga ukuta, ukabiringika mbali, wote wawili wakafika kituo cha nyumbani, pointi mbili, na mchezo ukaisha. Karani wa mchezo akaandika kosa ni la mrushaji. Nawe ukawaambia waandishi wa habari, "Ule haukudakika na mtu." Majira ya kuchipua yaliyofuata, timu ikamwacha Clarence. Hakurusha tena katika ligi kuu.

Mama alikuuliza jambo moja tu. "Yeye anajua?"

"Sijawahi kumwambia."

"Mwambie. Simu ile pale."

Ulisema utapiga kesho. Uliishi siku hamsini na nane baada ya hapo, na Mama alizihesabu zote, na hakukusukuma kwa kuwa ulikuwa unaumwa.

Tulikuzika Mama akiwa na jambo hilo peke yake. Watu walikuja na maandazi ya pirogi na maua na kusema ulionewa, naye aliitikia kwa kichwa. Alikaa nalo kiangazi chote. Kisha Oktoba ikaja barua. Mkuu wa ligi alikuwa ameamua kwamba kifungo cha maisha kinakwisha na maisha. Jina lako lilikuwa huru. Kamati ya watu kumi na sita ingekaa Desemba kuamua kama unastahili kuingia Ukumbi wa Mashujaa. Zilihitajika kura kumi na mbili, na familia iliombwa kupeleka maneno yake.

Dale alikuja mbio na barua aliyokwisha kuipiga chapa. Alikuwa analia na kucheka. Mama aliisoma barua ya ligi mara mbili, akasema, "Kwa hiyo walikuwa wanangoja afe."

"Basi Mama, tumeshinda. Weka sahihi hapa chini."

Barua ya Dale ilianza hivi: *Baba yetu hakuwahi hata siku moja.* Mama aliiweka kalamu mezani.

"Siwezi, Dale."

"Mkono unauma? Nitakushikia."

"Mkono hauna shida."

Akamwambia. Roberta alikuwa amesimama kwenye jiko, mwiko mkononi. Dale alisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Dawa zile zilimchanganya. Alikuwa anamwona hata bibi aliyekufa."

"Alitaja mzunguko, mwanangu. Alitaja waliokuwa vituoni. Nenda kaangalie gazeti la siku ile, utakuta hivyo hivyo."

"Na wewe ukakaa kimya miezi yote hii? Nilisimama kaburini nikasema Baba alionewa, na wewe upo pembeni yangu, kimya?"

"Nilikosa pa kuanzia."

"Basi ungekosa mpaka mwisho!" Dale alikunja barua yake, akashindwa kuitia mfukoni, akaiacha sakafuni. "Miaka thelathini, Mama. Alikuwa ananiletea kahawa."

Hakurudi tena nyumbani. Novemba, sikukuu ya Shukrani, tuliweka kiti chake, na batamzinga akabaki nusu.

Mama alimtafuta Clarence Odom kwa simu. Roberta alimpatia namba, akakaa naye asubuhi ile ya Jumamosi. Mzee ana miaka themanini na sita. Baada ya besiboli aliendesha basi la shule hadi alipostaafu. Mama alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi, akaanza kuyasoma: "Bwana Odom, mimi ni Verna, mke wa marehemu Anton Hruska, nina jambo…"

"Shemeji," Clarence alimkatiza, "kama ni ule mpira, najua."

Mama aliishusha karatasi.

"Tangu lini?"

"Tangu mpira ulipopita. Nilimrushia mtu yule misimu sita. Angeweza kuudaka ule akiwa amesinzia."

"Na hukusema?"

"Kwa nani, shemeji? Mwaka ule, na rangi hii yangu? Niseme mzungu wao kipenzi ameuza mchezo?" Alikohoa kidogo. "Nilijua atapiga simu. Nilisema, akitulia atapiga. Nilipohama nyumba niliomba waniachie namba ile ile."

Mama alilia hapo, Baba, hakujificha. Clarence alingoja, kisha akamuuliza kama ana maji karibu ya kunywa. Baadaye Mama akamwambia habari za kamati, akamwomba aseme yeye, unastahili au hustahili.

"Hilo ulizaneni huko. Mimi nilitaka simu tu."

Mama aliandika barua kwa mkono wake. Ilikuwa ukurasa mmoja. Alisema ulikuwa mdakaji bora aliyepata kumwona, na kwamba yeye si shahidi mzuri kwa sababu alikupenda. Alisema mchezo wa Septemba 1968 uliuuza, kwamba kosa lililoandikwa kwa Clarence Odom lilikuwa lako, na akaomba lirekebishwe kwenye vitabu hata kama hawatafanya lolote jingine. Walipokuwa wakienda posta Roberta alimuuliza, "Mama, ingekuwa wewe una kura?"

Mama alitazama nje ya dirisha hadi wakapita kiwanda cha zamani cha chuma.

"Nikikumbuka alivyodaka, ningempa. Nikikumbuka ile namba ya simu, mkono haunyanyuki."

Ulipata kura mbili.

Mji haukutupokea vizuri baada ya hapo. Halmashauri ilikuwa imeshapanga kuupa uwanja wa mtaa wa chini jina lako. Kibao kikarudishwa stoo. Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, Mama alikwenda kula samaki katika ukumbi ulio chini ya kanisa kama kawaida, na meza mliyokaa miaka yote ikabaki na yeye na Roberta tu. Bi Kocur ndiye pekee aliyesogea, na hakusogea kwa wema.

"Verna, ungenyamaza ungepungukiwa nini? Mtu mwenyewe ameshakufa. Nyumba yangu ina joto kwa ajili yake hadi leo."

"Hilo nalo ni kweli, Helen. Waambie watu na hilo."

"Sasa watakumbuka lile moja tu."

"Nilikaa nalo miezi kumi peke yangu," Mama alimwambia. "Jaribu wewe wiki moja, halafu uje tuzungumze."

Bi Kocur alibaki amesimama na sahani yake. Mwishowe alikaa, mwisho wa meza, akala. Ni hayo tu. Lakini alikaa.

Februari ligi ilijibu. Waliangalia upya karatasi za mchezo ule, na kosa limetolewa kwenye jina la Clarence. Tarakimu moja tu imebadilika kwenye vitabu vyao. Mama alimpigia akamsomea. Clarence akasema atamwonyesha binti yake. Siku hizi yeye na Mama huongea kila Jumapili alasiri. Hawakuzungumzii sana wewe. Huzungumzia magoti, na mvua, na jinsi vijana wa leo wanavyotolewa mchezoni kabla hawajatoka jasho.

Baba, hatujui kama tulikutendea haki. Tunakukumbuka umelala chali kwenye sakafu za watu baridi. Tunakukumbuka ukiwapigia makofi wenzako kutoka juu kabisa, na sasa hatujui makofi yale yalikuwa ya nini, na hakuna wa kumuuliza. Hilo ndilo gumu kuliko yote. Mama husimama gereji akataka kukuuliza neno moja zaidi, akakuta ndoo na redio.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili saa nne asubuhi, kanisa la Mtakatifu Sirili. Kahawa itakuwepo chini, kwa yeyote atakayependa kukaa nasi.

Alhamisi, Roberta akiwa anaandika tangazo hili la gazeti, simu ililia.

"Nasikia mnaandika ya Baba," Dale alisema. "Mmeandika nini?"

"Yalivyokuwa."

"Na ya Odom?"

"Na ya Odom."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, taulo la jikoni mkononi, hathubutu kuomba simu.

"Niwekeni kwenye majina," Dale alisema. "Ila mniweke chini, peke yangu. Sijafika mlipofika."

Wanaokukumbuka: mkeo Verna, binti yako Roberta na mumewe Gus, wajukuu zako Tessa na Milo, dada yako Ludmila wa Youngstown, na Clarence Odom wa Alabama, aliyeomba mwenyewe aandikwe.

Mwanao, Dale.

Tutakukumbuka siku zote, Baba, na yote uliyokuwa.