Mwali Kibogoyo

Jumatatu, 8 Julai 1996

Mwajabu wee, ulikuwa wapi? Tangu Ramadhani hujagusa daftari hili! Mwalimu wa ngumbaru alihangaika na vidole vyako vigumu ili uandike, siyo uje ukijisikia. Haya, kaa. Leo una la kuandika.

Sihaba ameona damu. Mjukuu wangu, binti wa Fikirini, miaka saba! Jino la mbele limeng'oka juzi tu, kalirusha juu ya paa. Mama yake, Salima, kanijia analia. Nikamwambia funga mdomo kwanza, tujue la kufanya. Hakufunga. Adhuhuri haijaingia, shangazi mtu kashajua. Zawadi, binti yangu wa kumzaa — ila mdomo ule sijui kautoa wapi.

Kapiga vigelegele uani. Vigelegele!

Jumanne, 9 Julai

Tumetoka Bungu asubuhi, tumempeleka Sihaba kituo cha afya Kibiti. Daktari mwanamke, mpole. Kayatazama madoa ya Sihaba mwilini, yale ya rangi ya chai ya maziwa, kazaliwa nayo. Kauliza: baba naye anayo? Fikirini kasita, kapandisha shati. Mgongo mzima vinundu, kama kunde chini ya ngozi. Miaka yote tunasema mafuta tu!

Kumbe ugonjwa mmoja. Baba kampa mwana bila kujua. Vivimbe vinaota kwenye mishipa ya fahamu. Daktari anahofia kimoja kiko nyuma ya jicho la kushoto, na jirani na hapo ndipo ubongo unapotoa amri mtoto abalehe. Pamebonyezwa, amri imetoka kabla ya wakati. Ndiyo maana kawapita kimo wenzake wote darasani, mwalimu kamhamishia nyuma. Halafu mifupa itafunga mapema, wenzake wampite, yeye abaki mfupi. Mtoto anakimbizwa, kisha anasimamishwa. Haki hiyo?

Daktari anasema twende Dar, hospitali kubwa, wakampige picha ya kichwa. Sindano za kuzuia kukua huku zipo duniani, hana hakika kama tutazipata. Lakini jicho, kasema, likishakufa halirudi. Msichelewe.

Fikirini njia nzima kashikilia shati lake lisipande.

Alhamisi, 11 Julai

Wamemweka ndani!

Nimetoka shamba na muhogo wangu kichwani, nakuta chumba cha nyuma kimetiwa pazia, Zawadi kakaa kizingitini kama polisi. Mwali hatoki, Mama, ananiambia. Wewe si ndiye uliyeniweka mimi mwaka mzima?

— Nilikuweka una meno!

— Damu ni damu. Atatoka akichezwa, mavuno ya mwakani. Akionwa na wanaume barabarani, nuksi itatupata sote.

— Na daktari?

— Daktari anajua nini habari za mwali?

Mimi ngoma naipenda. Nimewacheza wali wa watu mpaka magoti yameoza. Lakini mwali ni msichana aliyeiva. Huyu hakuiva, kavundikwa! Nimesema hivyo mbele ya wote. Fikirini anajikuna mgongo, anasema jamani tusigombane. Nimezaa mtu au nimezaa kigoda?

Jumapili, 14 Julai

Nimempelekea uji. Chumba giza. Giza ndilo linaloniua — nani ataona jicho linazima humo ndani?

Ananong'ona, kama alivyofundishwa. Bibi, mwali anaruhusiwa kucheza mdako?

— Anaruhusiwa, mke mwenzangu. Lete vijiwe.

Vya kulia anadaka. Vya kushoto vinampita, anavipapasa kwenye mkeka. Nikainua pazia, mwanga ukaingia. Nikamziba jicho la kulia. Nimeshika nini? Kijiwe, Bibi. Na sasa? Kijiwe. Anacheka, anafurahi kupatia.

Mkono wangu ulikuwa mtupu.

Uji sikumaliza kumnywesha. Nimetoka, nimemwambia Salima: funga mzigo, kesho tunakwenda Dar.

Jumatatu, 15 Julai

Naandika mbio. Salima anamvisha. Tumemfunika kanga gubigubi, kama mwali anavyofunikwa, mwanamume gani atamwona? Nuksi waitafute kwingine. Mwenyewe anacheka humo ndani ya kanga, pengo linapuliza.

Zawadi kajilaza kizingitini, kifudifudi. Anasema kama namtaka mwali, nimruke. Nimruke mwanangu wa kumzaa, si laana hiyo? Anajua siwezi. Au anadhani anajua.

Fikirini kasimama nje, kashika begi letu. Hatupi sisi, halirudishi ndani. Nimemwita jina lake mara moja tu. Siiti tena.

Honi ya basi hiyo, inatoka upande wa Ikwiriri.

Mwajabu, ukirudi hapa usianze na Zawadi, wala magoti yako. Anza na jicho la kushoto. Linaona, au halioni. Hilo kwanza, halafu ndiyo uka—