Mifano ya Shamba la Viazi

Uyole, Ijumaa

Kaka Bartolomeo,

Huku hatujambo. Mvua haikatiki na viazi vimeanza kuoza shambani.

Kitabu chako cha sarufi ya Kilatini kimenifikia. Nimesoma sura ya vivumishi vinavyoundwa kutokana na vitenzi. Miishio umeieleza vizuri. Ila mifano naifahamu: shamba la kupaliwa, ng'ombe aliyekamuliwa, mgeni anayekuja. Niliitunga mimi, jembe mkononi, ulipokuja likizo kutoka seminari na kunipa vitenzi, mimi nikiwa nimeachishwa shule ili usome wewe. Kwenye shukrani umemtaja hata mpishi wenu. Mimi simo.

Mama alikuulizia mpaka pumzi ya mwisho. Tulichelewesha maziko siku mbili, maana udongo wa kwanza kwetu hutupwa na mtoto wa kwanza. Wewe ukatuma ujumbe kwamba unasahihisha mitihani. Udongo nikautupa mimi.

Ukikitoa tena hicho kitabu, na ukahitaji mfano wa mama aliyezikwa, au wa mwana aliyengojwa, usiniandikie. Huo tunga mwenyewe.

Mdogo wako,
Atupakisye