Moto Uliokosa Pumzi

Small Heath, Birmingham

Mdogo wangu Mwanaisha,

Mimi kaka yako nimetimiza miaka sabini na mbili. Nimezika wake wawili, nimeona mwisho wa vita viwili, na lile gari moshi nililolichochea wamelikatakata vyuma, mimi bado nasimama. Wewe je, maumivu ya goti yamekuachia? Sisi wazima, hata mjukuu wangu, mtoto wa Hamisi, ingawa huyo alitutia hofu.

Baridi ya huku inaingia mifupani. Sebuleni tuna jiko la chuma, linakula makaa ya mawe, bomba lake linatoa moshi juu ya paa. Nikasema jiko hili langu, asiguse mtu. Kila usiku naufukia moto kwa majivu kama alivyofanya mama, asubuhi nafukua, kaa jekundu! Majivu sikutupa hata chembe. Mara mtoto akaanza kukohoa, na mama yake, Rehema, kichwa kinamgonga. Hamisi akasema, "Baba, kuanzia leo jiko uliache."

Mimi! Niliyefikisha abiria Kisumu!

Nikanuna, chakula sikugusa. Rehema akamwita jirani yetu Kalasinga, fundi wa reli wa zamani kule Nairobi. Akachungulia, akacheka, akasema kwa Kiswahili chake kile cha Kihindi:

"Mzee, moto hii napata pumzi wapi? Chini jivu, juu masizi!"

"Nilichochea injini kabla hujaota hizo ndevu."

"Ndiyo, na jivu ya injini namwaga mtu ingine. Hapa namwaga nani?"

Nikapiga magoti, Mwanaisha, nikachungulia mwenyewe. Nikafikiri sana. Mafiga ya mama yalipata upepo pande zote, hili jiko limefungwa kama sanduku. Moshi ukikosa njia unawarudia watu.

Jiko likapoa, tukafungua bomba. Masizi ndoo nzima! Nikasugua mwenyewe kwa brashi ya waya, hakuna kijana angesugua vile. Sasa jivu namwaga kabla ya chai. Na aliyenirudishia koleo la makaa mkononi ni Rehema, mbele ya mumewe.

Nisalimie shemeji, na yule mpwa wangu mshona viatu. Wakisema najisifu, Kalasinga yupo, Rehema yupo. Hamisi usimwulize. Shahidi mkubwa amelala hapa miguuni pangu nikiandika, wala hakohoi.

Kaka yako asiyezeeka,
Salimu