Nilivyosimama Mahali Pako

Nyalenda, Kisumu
Jumanne asubuhi

Mwanangu Wekesa,

Nakusalimia kwa jina la Bwana ambaye ametuweka sote mpaka leo. Kombewa kukoje? Dolphine hajambo? Mwambie ile sweta aliyonitumia ndiyo nimevaa nikiandika, maana tangu juzi mvua inatoka ziwani kila mchana bila kukosa. Byron naye, sikio limepona? Usimwache acheze kwa maji ya mtaro. Mama mkwe wako nasikia alianguka akienda sokoni, naye mpe pole yangu. Na yule jirani yako mzee ambaye huwaletea maziwa, mwambie Mama Wekesa hajamsahau.

Huku tuko wazima. Baba yako Wakhisi ni mzima, anakula vizuri, redio yake bado inalia, ila na mimi haongei sana siku hizi, sababu utaiona mbele. Dada yako Elsie ni mzima, bado anasuka nywele pale karibu na mfereji wa maji. Mtoto wake Debra meno mawili ya mbele yameng'oka, sasa akitaja jina lako ni upepo mtupu. Hata kuku wako mweupe yuko, ameatamia tena. Mashabiki wa Tausi pia wanakusalimia, wote, mmoja mmoja kwa jina, na hapo ndipo taabu yangu inaanzia.

Usishtuke kuona karatasi. Najua simu iko. Lakini mchana niko kibandani, na nikiinua simu tu kuiweka kwa sikio, chai zote zinatuama na watu wananyamaza wasikie kama ni wewe. Seline muuza omena ananiambia weka sauti juu, Mama Wekesa, na sisi tusalimie kocha. Nikirudi nyumbani baba yako ananikazia macho. Kwa hivyo nimechukua daftari la zamani la Elsie nikaandika na hii elimu yangu ya darasa la tano. Mahali nimekosea, soma na roho ya mtoto kwa mama yake.

Wiki tatu zimepita tangu ulinipa neno nipeleke. Ulisema, Mama, waambie Tausi hapana, na uwaambie mara moja wasije wakaningoja. Barua hii ni ya hilo neno lako na mahali lilipofika.

Wacha nianze na Odongo. Baada ya kocha Odongo kupoteza mechi saba, watu walikuwa wanaenda langoni kwake kila jioni na matawi, wanaimba nyimbo za matanga kama vile kuna maiti ndani. Mke wake alikuwa anapita na ndoo ya maji katikati ya hiyo kelele, kichwa chini. Jumapili moja sisi tukiwa kanisani walifunga vitu wakaenda kwao. Alichoacha ni kiti kimoja cha plastiki nje ya mlango, na mpaka leo hakuna mtu amekikalia.

Sasa timu ikawa haina kocha, na unajua Tausi haina tajiri, ni ya mashabiki wenyewe, na mashabiki wenyewe wanakunywa chai kwangu. Wekesa, nimeuza mandazi miaka ishirini na tatu lakini kelele kama hiyo sijawahi kusikia. Upande mmoja walitaka Oduor, yule msaidizi wa Odongo, kwa sababu kila kijana anamjua mpaka mguu wake mbovu ni upi. Upande wa pili wakasema Oduor akiulizwa mpango wa mechi anajibu tusimame tuombe. Seline akasema hata omena wake wakiwa kwa sufuria wamejipanga kuliko mabeki wa Oduor. Mtu wa Oduor akamwambia Seline arudie samaki zake, mpira si wa kuanika. Seline akamuuliza yeye mara ya mwisho kufunga goli ilikuwa lini, au ni mdomo tu ndio unapiga mashuti. Nilicheka mpaka nikaunguza mandazi ya sufuria nzima.

Ni Wechuli fundi wa pikipiki aliyetaja jina lako. Alisema amesikia kuna kocha huko Kombewa amefikisha wasichana wa shule fainali ya kaunti, na hao wasichana mwaka jana walikuwa hawajui hata kurusha mpira. Akauliza, si huyo ni mtoto wa hapa? Wote wakageuka wakaniangalia. Nilikuwa na kijiko cha kugeuzia mkononi, mafuta yanadondoka kwa kiatu.

Wakanituma nikuulize, na mimi nikakuuliza, na wewe ukanijibu. Ulinikumbusha ile penalti. Kwani ulifikiri nimesahau? Ulikuwa na miaka ishirini. Uliipiga juu ya mti wa goli, na watu uliokula nao wakakutemea mate ukitoka uwanjani. Mimi waliniita mama wa penalti mwezi mzima. Watoto walikuwa wanatumwa wanunue mandazi kwangu, wakifika mlangoni wanapita. Kuna mwanamke aliniambia hapo mferejini kwamba timu ya ziwa isingempa jamwa mpira wa mwisho, kwamba sisi watu wa kuja hatuna uchungu nayo. Nilibeba ndoo yangu nikaenda. Ulifunga virago wiki hiyo, na sikukulaumu.

Kwa hivyo ulipokataa nilisema moyoni ni sawa. Nilienda kibandani siku hiyo nikiwa na neno lako limekaa tayari. Lakini Seline alikuwa amefika kabla yangu, amenifagilia mbele ya kibanda. Akaniita mama kwa Kijaluo chake, Min Wekesa, kijana amesemaje? Nikasema anafikiria. Tu hivyo. Nikasema kesho nitamwambia vizuri.

Kesho yake Wechuli akaja na karatasi amechora jinsi utakavyopanga viungo. Akaniuliza mimi, Wekesa, mimi, kama huwa unapenda mabeki watatu au wanne. Nikamwambia unapenda wanne. Sijui hata nilitoa wapi. Wote wakatingisha kichwa wakasema mama anajua. Kesho nayo ikapita hivyo, na ile nyingine. Watu wa Oduor wakaacha kuja kwangu, wakahamia kwa yule wa uji, na mimi sikujali, nilikuwa nakoroga unga nikiimba.

Sasa Jumapili baada ya kanisa ikawa siku ya kuchagua. Wewe ulienda kabla hawajaanza hii desturi, kwa hivyo wacha nikueleze. Tausi hawatumii karatasi siku hizi, walichoka na kura kuibwa. Anayetaka kuwa kocha anasimama kwa mstari wa goli, na wanaomtaka wanapanga foleni nyuma yake, watu wanahesabiwa kwa macho ya kila mtu. Kama hayuko, mtu wa kwao anasimama mahali pake, kama vile posa. Na ukishasimama umekubali. Hakuna kurudi nyuma mpaka ligi iishe, na mwenye kurudi nyuma, wanamfanyia ya Odongo.

Oduor alisimama goli la upande wa kanisa. Mwenyekiti akauliza, wa Wekesa ni nani? Nikainuka. Baba yako amesikia kutoka kwangu kwamba niliinuka ili niseme hapana. Nilimwambia nilitembea mpaka kwa mstari nipate mahali pa kusikika, na kabla sijafungua mdomo watu wakawa wameshapanga nyuma yangu, wakanikosesha. Ati ni makosa ya miguu. Wengi mtaani wanaweza kukosea hivyo, desturi yenyewe ni mpya.

Baba yako alinisikiza mpaka mwisho, akazima redio. Unajua yeye redio haizimi hata wakati wa maombi. Kumbe hiyo Jumapili yeye mwenyewe alikuwa kwa foleni ya Oduor! Baba mzazi. Watu walimcheka, wakamwambia, Mzee, umepotea njia, mtoto wako ni goli lile. Alibaki hapo hapo kwa foleni. Alijua ulikataa, kwa sababu siku ulinipigia alikuwa amekaa hapo kwa stuli akivua viatu, na akaona afadhali achekwe kuliko kupanga nyuma ya uongo. Ameniambia ananipa mpaka Ijumaa. Ijumaa nikiwa sijasema, yeye ataenda kwa mwenyekiti.

Wekesa, yale niliyomwambia baba yako si ukweli. Nimeyaandika hapo juu jinsi nilivyoyasema kwa sababu nilitaka kuona kama yatasimama kwa karatasi. Hayasimami.

Niliinuka nikiwa na hapana yako mdomoni, hiyo ni kweli. Niliipanga nikiwa kanisani, pasta hata sikumsikia. Nikafika kwa mstari, nikageuka. Na mwenyekiti alinipa nafasi, hakuniharakisha. Aliniuliza mbele ya watu, Min Wekesa, kijana amekubali? Hapo hakuna mtu alikuwa amepanga bado. Nyuma yangu kulikuwa na nyasi tu.

Nikasema amekubali, anakuja.

Nilisema na sauti, mwanangu. Sikusukumwa na mtu.

Ndipo wakaanza kuja. Seline mbele, mikono yake mabegani mwangu, inanuka omena. Wechuli. Wale vijana wa kuosha magari. Foleni ikapita kona ya uwanja, ikapita choo, ikapita mashine ya kusaga. Na yule mwanamke wa mferejini, yule wa jamwa, nilimwona kwa macho yangu amepanga, amebeba mjukuu wake mgongoni. Akanipungia mkono. Miaka ishirini na tatu, Wekesa. Nimezika watoto wangu wawili kutoka mtaa huu, nimelipa matanga ya kila mtu, na bado mimi ni mtu wa kuja. Hiyo siku nilikuwa na mtaa wote nyuma ya mgongo wangu. Utamu huo sikujua kama uko duniani. Nikauza hapana yako nikaununua.

Sasa nimefungwa. Nikifungua kibanda nawakuta, nikifunga wanabisha nyumbani kuuliza kama umefunga mizigo. Wamepaka jina lako kwa ukuta wa kinyozi, rangi ya samawati. Oduor mwenyewe alikuja jana akanisalimia kwa mikono miwili, akasema atakuwa chini yako bila kinyongo, na ana watoto wanne huyo. Nilimpa chai, sikuweza kumwangalia. Nikitoka kibandani lazima nipite kwa Odongo, na kile kiti cha plastiki bado kiko hapo nje, mvua imejaa ndani yake.

Na kibaya zaidi, Jumamosi watakuja kwako. Wamepata lori la mchanga. Watakuja Kombewa na ngoma kukuchukua, Seline ameshashona kitambaa cha kukuvisha. Siwezi kukubali wakukute kwa uwanja wa shule mbele ya wanafunzi wako, hujui lolote, halafu ukatae mbele yao. Na siwezi kukubali ukubali kwa kunionea huruma, halafu mechi saba zikipotea Dolphine apite na ndoo kama mke wa Odongo.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Hiyo tutaongea uso kwa uso, hata ukinigombeza nitakaa chini nisikie. Ninachotaka ni neno lako, lile lile la kweli, safari hii lifike. Kama ndani yako kuna ndiyo hata kidogo, ndiyo yako wewe mwenyewe, niambie. Nisiposema kwamba naitamani nitakuwa nimeongeza uongo mwingine. Lakini kama ni hapana, andika hapana, utie sahihi yako. Usiandike sababu, usinifunike. Alhamisi jioni Tausi wana mazoezi na watu wote wanakuja. Nitaenda kwa ule mstari wa goli, niliposimama mahali pako, nisimame mahali pangu mwenyewe nisome. Mandazi waache wasinunue. Hilo nimewahi kulipitia.

Barua hii anakuletea Nakhungu wa kanisani kwetu, anapeleka mtoto wa dada yake kliniki hapo hospitali ya Kombewa. Hajui kilichomo, usimwambie, yeye pia alipanga nyuma yangu. Mpeni chakula. Anarudi kesho kutwa asubuhi, ndiyo hiyo Alhamisi.

Nisalimie Dolphine, mshike Byron kichwa kwa niaba yangu. Elsie anawasalimia. Baba yako hajui naandika, lakini akijua atasema nikusalimie.

Tafadhali, mwanangu, ukimaliza kusoma usiweke kwa kabati useme utajibu baadaye. Chukua kalamu hapo hapo ulipo. Asirudi mikono mitupu.

Ni mimi mama yako,
Naswa